Aligeta Katika Mtaa wa Makazi Florida: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Katika jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani, aligeta, mtambaazi mkubwa wa majini wa jamii ya mamba, wanapatikana katika kaunti zote 67, na idadi yao hukadiriwa kufikia milioni 1.3. Anayehamia katika nyumba iliyo karibu na bwawa, mfereji au ziwa katika jimbo hilo achukulie tangu siku ya kwanza kwamba aligeta yupo, hata kama majirani wanasema hawajamwona kwa miezi. Tatizo huanza pale mnyama huyo anapobadili tabia au mahali, na mabadiliko hayo kwa kawaida yana chanzo kinachoweza kutafutwa: chakula, maji, majira ya uzazi au joto. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambazo mkazi huziona na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa sababu hatua inayofaa kwa dalili moja inaweza kuwa kosa kwa dalili nyingine ambayo kwa macho inafanana nayo.

Ni vizuri kwanza kuelewa kwa nini mnyama wa kinamasi anaishi katikati ya nyumba. Sehemu kubwa ya mitaa mipya ya Florida imejengwa kwenye ardhi tambarare ambayo maji yake ya chini yako karibu na uso. Mjenzi huchimba bwawa, hutumia udongo wake kuinua viwanja, kisha bwawa lenyewe hubaki likipokea maji ya mvua yanayotoka mapaani na barabarani. Mabwawa hayo huunganishwa kwa mifereji na makalavati, na baada ya muda hupata samaki, kobe wa majini na ndege. Kwa aligeta, hayana upungufu wowote yakilinganishwa na kinamasi kilichokuwapo kabla ya nyumba. Hii ndiyo sababu kumwondoa aligeta mmoja bila kubadili kitu kingine chochote huacha nafasi ambayo mwingine, akipita kwenye kalavati lile lile, anaweza kuijaza.

Msomaji aliyekulia karibu na Rufiji, Tana, Ruzizi au Ziwa Viktoria huja Florida na ujuzi wa mamba, na ujuzi huo unamfaa kwa sehemu tu. Tahadhari ya kutosimama wala kuinama ukingoni mwa maji usiyoyajua ni sahihi popote. Hata hivyo, mamba wa Mto Nile huwinda binadamu mara nyingi zaidi, ilhali aligeta aliyekua bila kulishwa na watu huwakwepa. Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida hueleza kwamba mashambulizi yasiyochokozwa yanayohitaji matibabu ya kitaalamu ni wastani wa manane kwa mwaka katika jimbo zima, na kwamba uwezekano wa mkazi kujeruhiwa vibaya kwa namna hiyo ni takriban mmoja kati ya milioni 3.1. Takwimu hizo zinatuliza, lakini ni wastani wa watu wote, wakiwamo wanaoishi ghorofani mbali na maji. Mtu anayemtembeza mbwa kila jioni kando ya bwawa hapaswi kujihesabu katika wastani huo.

Kabla ya yote: unamtazama mnyama gani, na ana ukubwa gani?

Wakazi wengi huona kichwa pekee juu ya maji, na hapo makadirio hutofautiana sana, hasa kwa mtu aliyeshtuka. Kuna kanuni inayotumiwa na wenye uzoefu: umbali kati ya macho na matundu ya pua ukihesabiwa kwa inchi hukaribiana na urefu wa mnyama mzima kwa futi. Kichwa chenye inchi 8 kati ya macho na pua ni cha aligeta wa futi 8 hivi, yaani karibu mita 2.4. Jike huwa nadra kuzidi mita 3, kwa hiyo aligeta mkubwa kupita hapo karibu hakika ni dume.

Kipimo hiki kina maana ya kiutawala pia, kwa kuwa mpango wa jimbo wa kushughulikia aligeta wasumbufu humhesabu mnyama kuwa msumbufu akiwa na urefu wa angalau futi 4, yaani mita 1.2, na akiaminika kuwa tishio kwa watu, wanyama wa kufugwa au mali. Aliye mfupi kuliko hapo hula samaki wadogo, vyura na wadudu, na kwa kawaida huachwa, isipokuwa awe ameingia mahali asipopaswa kuwa, kama vile gereji au bwawa la kuogelea.

Kusini mwa jimbo, hasa pwani ya Miami na visiwa vya Keys, tazama pia umbo la pua. Aligeta ana pua pana yenye ncha ya mviringo na rangi inayokaribia nyeusi. Mamba wa Marekani, ambaye pia ni mwenyeji wa huko, ana pua nyembamba, rangi ya kijivu yenye ukijani, na jino la nne la taya ya chini huonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Mamba huyo ni mpole kuliko ndugu zake wa Afrika, lakini analindwa na sheria kali zaidi kwa sababu idadi yake ni ndogo, na taarifa zake hushughulikiwa kwa utaratibu wake. Tukiwa hapo, ni jambo la kustaajabisha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2014 mamba wachache wa Mto Nile walinaswa kusini mwa Florida, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha asili yao ya Afrika. Wanaaminika kuwa waliletwa na binadamu, na mkazi wa kawaida hana sababu ya kumtafuta mamba huyo nyuma ya nyumba yake.

Dalili: aligeta amelala ukingoni kwa saa nyingi, mdomo wazi, hatikisiki

Hii ndiyo dalili inayosababisha simu nyingi zisizo na ulazima. Aligeta hategemei joto la mwili wake mwenyewe. Hulitafuta juani na kulipunguza majini au kivulini. Hufanya kazi vizuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 28 na 33 za Selsiasi, huacha kula likishuka chini ya takriban nyuzi 21, na huzubaa kabisa chini ya nyuzi 13. Mdomo ulioachama ni njia ya kupunguza joto kichwani, wala hauna uhusiano na kutishia. Siku ya baridi yenye jua, aligeta anaweza kulala mahali pamoja asubuhi hadi jioni kiasi cha watu kudhani amekufa.

Hatua inayofaa ni kumwacha. Usimrushie kitu ili kuona kama yu hai, usimpigie picha ukiwa karibu, na usimruhusu mtoto akaribie eti kwa kuwa mnyama amelala. Mita 20 ni umbali wa busara kwa mtu anayetembea kwa miguu. Jambo la kuangalia ni moja tu: mtu anapojitokeza kwa mbali, je, mnyama huteleza majini na kwenda zake? Akifanya hivyo, ana woga wa asili, na mtaa wenu una aligeta wa aina mnayopaswa kutamani kuendelea kuwa naye, kwa kuwa dume mkubwa mwenye woga huwazuia wengine wasiojulikana tabia kuweka makazi hapo.

Dalili: mnyama anaogelea kuelekea kwa watu, au haondoki anapokaribiwa

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo penye uchunguzi wa kweli, kwa sababu dalili hii ina vyanzo kadhaa visivyo na uzito sawa.

Chanzo kinachotajwa kwanza na wataalamu wote ni chakula cha binadamu. Aligeta aliyerushiwa mkate, kuku au soseji mara kadhaa hujifunza kwamba umbo la mtu ukingoni ni ishara ya mlo, na woga wake hauwezi kurudishwa kwa kumfukuza. Ndiyo maana sheria ya Florida inakataza kabisa kumlisha, na adhabu hupanda kwa anayerudia. Hata hivyo, katika mitaa mingi hakuna anayekiri kumlisha aligeta, na mara nyingi husema kweli, kwani chakula humfikia kwa njia ya mzunguko. Mvuvi husafisha samaki kando ya bwawa na kutupa matumbo majini. Mzee anayewapenda bata huwarushia mkate kila asubuhi, nao bata hukusanyika, mabaki huvuta samaki na kobe, na aligeta hujifunza saa na mahali. Familia huweka bakuli la chakula cha paka kwenye baraza inayotazama maji. Mwingine humwaga mabaki ya karamu chini ya mteremko akidhani yataliwa na ndege. Katika hali zote hizo aligeta analishwa, ingawa hakuna aliyekusudia.

Ili kutambua chanzo, tazama mnyama anasogea kuelekea nini. Akija mtu yeyote anaposimama ukingoni, amezoea kulishwa kwa mkono. Akija pale tu mtu mwenye fimbo ya kuvulia anapotokea, au akifuata boya na samaki anayepapatika kwenye ndoano, amejifunza kutoka kwa wavuvi, na tiba ni kuacha kuvua sehemu hiyo kwa muda, kukata mshipi anapoukaribia badala ya kushindana naye, na kupeleka mabaki yote ya samaki kwenye pipa la taka lenye mfuniko. Akionekana saa ile ile mahali pale pale, waulize majirani nani hulisha bata au kobe saa hiyo. Mazungumzo haya yanahitaji adabu, kwa kuwa anayewalisha bata mara nyingi ni mtu mpweke anayeona hiyo ndiyo starehe yake, na kumtangaza kwenye kundi la mtaa kabla ya kuzungumza naye nyumbani kwake huleta uhasama bila kuondoa mkate majini.

Kuna pia vyanzo viwili vinavyofanana na kuzoea chakula lakini sivyo. Aligeta mchanga wakati mwingine husogea kidogo kwa udadisi kisha husimama na kuzama. Huyo hahitaji chochote. Jike mwenye kiota au watoto naye hasogei nyuma, na dalili zake zimeelezwa hapa chini. Ukishawaondoa hao wawili katika hesabu, aligeta wa zaidi ya futi 4 anayewajia watu ni mnyama wa kuripotiwa siku hiyo hiyo. Kusubiri kuona kama atazoea kuogopa tena ni kuwaweka watoto wa jirani katika majaribio.

Dalili: mlio wa kufoka kutoka kwenye matete, hasa kati ya Juni na Septemba

Aligeta hupandana Mei au Juni, na jike hujenga kiota cha majani, matawi na tope mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, ambamo hutaga mayai ambayo kwa kawaida ni kati ya 32 na 46. Mayai huatamiwa na joto la majani yanayooza kwa siku 60 hadi 65, kisha watoto huanguliwa kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Katika kipindi chote hicho jike hukaa karibu, na anayekikaribia kiota husikia kwanza mlio wa kufoka, kisha huona mdomo ulio wazi ukielekezwa kwake, na pengine msukumo mfupi wa kumtimua.

Tabia hiyo ni onyo, na anayerudi nyuma polepole bila kumpa mgongo kwa kawaida huachwa aende. Kosa la hatari zaidi hufanywa na watoto mwezi wa Septemba, wanapowaona aligeta wadogo wenye mistari ya njano, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita 20 hivi, na kumwokota mmoja. Aligeta mdogo akishikwa hulia kwa sauti kali na fupi, na mama huja. Kumchukua pia ni kosa la kisheria, hata kama nia ilikuwa kumwonyesha mama nyumbani na kumrudisha.

Kama kiota kiko mbali na njia ya watu, kinachotakiwa ni kufunga sehemu hiyo kwa kamba na tangazo hadi vuli. Kama kiko kando ya uwanja wa michezo wa watoto, jumuiya ya wamiliki wa nyumba ipige simu mapema, kabla ya mayai kuanguliwa. Asiguse kiota mtu mwingine yeyote, akiwamo mfanyakazi wa kukata majani, ambaye mara nyingi hatajwi katika mipango hii ingawa ndiye anayefika karibu kuliko wote, akiwa amevaa vizuia sauti masikioni vinavyomzuia kusikia onyo lolote.

Dalili: aligeta yuko gerejini, chini ya gari, mlangoni au ndani ya bwawa la kuogelea

Mgeni wa namna hii huonekana zaidi kuanzia Aprili, madume yanapotafuta majike na wadogo wanapofukuzwa na wakubwa. Usiku wa majira hayo hayo husikika ngurumo nzito kutoka mabwawani, ambazo mgeni hudhani ni mashine. Ni sauti za aligeta wakitangaziana mahali walipo, na peke yake sauti hiyo haidai hatua yoyote. Chanzo cha pili ni ukame, bwawa linapokauka na mnyama kulazimika kuvuka barabara kutafuta jingine. Chanzo cha tatu ni mafuriko, ambayo tutayarudia.

Anayeonekana akivuka ua kwa kawaida yuko safarini. Waingize watoto na mbwa ndani, acha lango la upande wa maji wazi, zima taa zinazomulika njia yake, na umpe saa chache. Usimwelekeze kwa fagio wala kwa bomba la maji, kwa maana mnyama aliyekuwa na njia mbili utamwachia moja, na huenda ikawa ile inayopita ulipo wewe. Akiwa gerejini, chini ya gari au kwenye bwawa la kuogelea, hali ni tofauti, kwani hapo ameshindwa kutoka au amepata kivuli asichotaka kukiacha. Funga mlango unaoingia ndani ya nyumba, uache ule wa nje wazi, kisha upige simu. Bwawa la kuogelea lenye kuta wima humnasa hata mdogo, na klorini haimuui wala kumfukuza; hakikisha pampu imezimwa na hakuna anayejaribu kumtoa kwa wavu wa majani. Wavu mwembamba uliozunguka mabwawa ya kuogelea ya Florida umetengenezwa kuzuia mbu. Aligeta mwenye uzito wa mtu mzima huupasua bila shida, kwa hiyo kuangalia majini kabla ya kuogelea, hasa alfajiri, ni desturi ya lazima hata penye wavu.

Dalili: mbwa anavutwa na maji, au aligeta anamfuata mbwa kando ya ukingo

Hakuna kinachowagombanisha watu na aligeta zaidi ya mbwa. Ukubwa wa mbwa wengi wa nyumbani uko karibu na ule wa mawindo ya kawaida ya aligeta, na mwendo wake ukingoni, kunusa, kusimama, kuinama kunywa, ni mwendo wa mnyama anayewindwa. Mwaka 2018 kwenye kisiwa cha Hilton Head, South Carolina, na mwaka 2023 mjini Fort Pierce, Florida, wanawake waliokuwa wakitembeza mbwa kando ya maji ya mtaani kwao waliuawa na aligeta. Kufa kwa namna hiyo ni nadra sana, lakini mfanano wa matukio hayo haupaswi kupuuzwa: maji ya makazi, mbwa, na mtu aliye karibu na ukingo.

Mbwa atembezwe kwa kamba fupi isiyorefuka yenyewe, upande wa mbali na maji. Kati ya machweo na mapambazuko aligeta huwa na shughuli zaidi, kwa hiyo ni afadhali saa hizo zitumike upande wa barabara. Mbwa asinywe wala kuogelea kwenye bwawa la mtaa, hata mara moja. Jambo gumu kusemwa, ambalo naona linapaswa kusemwa nyumbani kabla ya siku yenyewe, ni kwamba mbwa akikamatwa majini kamba iachiliwe. Mtu anayeingia majini kumpokonya aligeta mawindo huwa amejiweka mahali ambapo nguvu zote ziko upande wa pili.

Dalili: mvua kubwa au kimbunga kimepita na maji yamefika barabarani

Maji yakipanda, mpaka kati ya bwawa na ua hupotea, na aligeta huenda popote maji yanapofika. Mwaka 2021, baada ya kimbunga Ida, mwanamume mmoja huko Slidell, Louisiana, alishambuliwa na aligeta katika maji ya mafuriko kwenye makazi yake mwenyewe. Katika siku hizo usipite kwenye maji yaliyozidi kifundo cha mguu pale ambapo huoni chini, wala usimtume mtoto kuleta kitu kutoka kwenye gari lililozingirwa. Maji yakishashuka, angalia kwanza chini ya magari, nyuma ya mashine za viyoyozi na ndani ya mitaro kabla ya kuanza usafi.

Uzio na ukingo wa bwawa

Uzio mara nyingi hununuliwa kwa hofu na kujengwa vibaya. Aligeta hupanda uzio wa seng'enge kwa kucha zake, hujipenyeza chini ya ule ambao haukuzikwa ardhini, na nafasi ya lango iliyo wazi kiasi cha shubiri mbili humtosha aliye mdogo. Ukuta au uzio wa mbao usio na mahali pa kushika, wenye kimo cha mita 1.5 na ulioshuka chini ya udongo kidogo, hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa mtaa mzima, hata hivyo, fedha hutumika kwa faida zaidi kwa kuhamisha njia ya miguu mbali na maji, kuondoa bembea na mabenchi yaliyowekwa ukingoni kwa ajili ya mandhari, na kusimika matangazo yanayosomeka. Baada ya mtoto wa miaka 2 kuuawa mwaka 2016 kwenye ufukwe wa hoteli ya Disney karibu na Orlando, vizuizi na matangazo ya wazi kuhusu aligeta viliwekwa kwenye fukwe zake. Wageni wengi hapo hutoka mahali ambapo maji yasiyo na tangazo huhesabiwa kuwa salama, na wahamiaji wapya wako katika hali iyo hiyo.

Kupiga simu: nani hupigiwa, na nini hufuata

Namba ya mpango wa jimbo la Florida wa aligeta wasumbufu ni 866-392-4286, na simu hiyo hailipiwi. Mtu akiwa katika hatari ya papo hapo, piga 911, namba ya dharura. Majimbo mengine yenye aligeta yana mamlaka zake, kwa hiyo anayeishi Louisiana, Georgia au South Carolina aulize idara ya wanyamapori ya jimbo lake.

Anayepiga aeleze urefu anaoukadiria, mahali hasa, na tabia aliyoiona, kwa maana sentensi kama "yuko bwawani" haitoshi kutuma mtegaji, ilhali "amemfuata mwanangu ukingoni mara mbili" inatosha. Kibali cha kumkamata mnyama kikitolewa, mtegaji aliyeidhinishwa hufika, lakini haingii kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenye mamlaka juu yake. Mabwawa mengi ya mitaani ni mali ya jumuiya ya wamiliki wa nyumba, hivyo mpangaji anayeishi hapo aanze kwa kumwarifu meneja wa jumuiya. Vinginevyo kibali kinaweza kukwama kwa sababu ya sahihi tu.

Jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa ni kwamba aligeta aliyechukuliwa kwa kawaida hahamishwi kwenda kinamasi cha mbali. Aliyehamishwa hujaribu kurudi, na makazi mengine mazuri tayari yana wenyewe. Mnyama huwa mali ya mtegaji, na kwa kuwa pato lake kubwa hutokana na ngozi na nyama, aligeta wengi huuawa. Wachache huuzwa wakiwa hai kwa mashamba na maonyesho. Huo ni uamuzi unaostahili kufanywa bila kusita pale mnyama anapowajia watu, na ni uamuzi wa haraka isiyo na sababu pale alipokuwa ameota jua tu.

Hakuna njia ya mkato ya kulikwepa jambo hili kwa bunduki au kwa ndoano yenye chambo. Aligeta aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 1967, akatangazwa kuwa amepona mwaka 1987, na hadi sasa ni kosa la jinai kumuua, kumjeruhi au kumkamata bila kibali, hata akiwa uani kwako.

Akishambulia

Ushauri wa kukimbia kwa kupinda kushoto na kulia umeenea sana, na hauna msingi. Aligeta huvizia karibu na maji na huchoka upesi nchi kavu, kwa hiyo kimbia moja kwa moja kuelekea mbali na maji, ukiita kwa sauti. Akishakamata, usitulie ukingoja akuachie. Piga kelele, mpige puani, mchome machoni kwa vidole, na endelea kupambana hata akikuvuta, kwa sababu mara nyingi humwacha anayemshinda kwa usumbufu. Kidonda, hata kikiwa kidogo kama alama za meno mawili, kisafishwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni cha aligeta aliyekuwa majini, kwa sababu mdomo wake na maji anamoishi hubeba bakteria, wakiwamo Aeromonas, wanaohitaji dawa iliyochaguliwa kwa kuwazingatia. Tukio liripotiwe kwa namba ile ile ya mpango wa jimbo kabla ya jioni, na hadi mnyama atakapopatikana ukingo huo ufungwe kwa watu na mbwa wote.